Mstari Usio na Sababu

Joséphine-Marie Uwimbabazi alipanda kilima cha réseau jua likizama, kompyuta ameifunga mgongoni kwa kikwembe. Pale Nyabiondo mtandao wa simu unashika juu tu, na anayetaka kutuma kitu hupanda mpaka kwenye mikaratusi iliyo juu ya mashamba ya maharagwe, akainua simu, akangoja. Hakuwa na wasiwasi wowote. Ilikuwa kazi ya dakika kumi tu, kisha ashuke akapike kabla mumewe hajarudi.

Kazi yenyewe si wengi walioielewa. Kwenye miteremko ya Masisi mpaka mwanzo wa msitu wa Walikale wamesimika visanduku saba vya kupima mvua na kusikiliza udongo, ili mlima ukitaka kuporomoka watu wahame mapema. Ndani ya kila kisanduku mna mfumo mdogo wa kompyuta ambao hauna mwenyewe. Watu wa nchi nyingi wanauandika pamoja, waziwazi, na yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Joséphine-Marie alitunza mwongozo wake wa Kiswahili, zile kurasa zinazomwambia fundi afanye nini na kwa nini. Na kwenye hiyo "kwa nini" alikuwa mkali kuliko mkaguzi wa shule. Mstari usio na sababu, anaufuta.

Ndivyo alivyoufuta ule wa Jean-de-Dieu.

Jean-de-Dieu, mtu wa Walikale, ndiye aliyeuanza mwongozo, kisha mwaka jana akafariki kwa homa iliyomnyang'anya kwanza sauti. Kwenye ukurasa wa mawasiliano alikuwa ameandika: *Kisanduku kisiitike wito wa kwanza. Kingoje wa pili.* Basi, hakuna zaidi. Kungoja kunakula betri bure, alijiambia Joséphine-Marie, akaandika badala yake kwamba kisanduku kiitike mara tu kinapoitwa. Wiki iliyopita mumewe Athanase, fundi anayefuata mwongozo neno kwa neno kama misa, alikitengeneza kisanduku cha sita hivyohivyo. Leo alikuwa amepanda pikipiki kwenda kutengeneza cha saba, ukingoni mwa msitu.

Juu ya kilima alimkuta Mama Libérata, mama yake marehemu Jean-de-Dieu, akiokota kuni.

"Mama Libérata!"

Mzee aliendelea kuokota kana kwamba ni upepo uliopita.

"Mama Libérata!"

"Niko, mutoto yangu."

Watu walishazoea kumcheka kwa hilo. Hata padri akimwita, lazima arudie.

Joséphine-Marie aliketi juu ya gogo, na huku akingoja réseau akafungua rejista ya jana ya kisanduku cha sita. Kisanduku kikuu, kilicho nyumbani kwake, huviita vingine kila saa kamili, na kisipoitikiwa hurudia, na kila kimoja huandika kimeitwa saa ngapi, na nani. Saa kumi, kikuu. Saa kumi na moja, kikuu. Saa kumi na mbili jioni, kikuu.

Saa kumi na mbili na dakika saba...

Pa kuandikia jina palikuwa patupu.

Akarudi nyuma siku moja. Saa kumi na mbili na dakika saba, patupu. *Kimeitika.* Siku ya kabla yake, vilevile. Akarudi mpaka mwezi uliopita, kabla hajaufuta ule mstari, na nyuma zaidi. Kila jioni, dakika ileile, kitu kisicho na jina kiliita mara moja. Mwaka mzima kiliita. Na mwaka mzima kisanduku hakikuitika.

Alimkumbuka Papa Noël, mwenye shamba penye kisanduku cha sita. Siku tatu baada ya Athanase kumaliza kazi, wanawe walimkuta katikati ya maharagwe, mdomo wazi, anajaribu kusema na hakuna kinachotoka. Waganga hawakuona ugonjwa wowote. Hadi leo alikuwa hajatamka neno.

"Mama," Joséphine-Marie alinong'ona. "Jean-de-Dieu aliandika visanduku visiitike mara ya kwanza. Juu ya nini? Sababu gani?"

Mama Libérata aliweka kuni chini.

"Njo weye uliutosha ule mustari, ukaufuta?"

"Niliutosha."

Mzee alitazama upande wa msitu. "Kwetu Walikale, sauti ikikuita mangaribi, jua ikizama, na hauone muntu, unangoja kwanza. Muntu anaita mara mbili. Kile kingine kinaita mara moja tu. Ukiitika, kinabeba sauti yako. Na pahali kikiisha kuitikiwa, kinajua kule kuko bantu."

"Hata kama ni mashine njo imeitika?"

"Nani alikuambia kinatofautisha?" Alijifuta macho kwa ncha ya kikwembe. "Mutoto yangu ananiita kila mangaribi, tangu tumuzike. Pale, kwenye ile miti. Mara moja. Sijamuitika hata siku moja."

Joséphine-Marie aliona haya. Na yeye alikuwa miongoni mwa waliomcheka.

Zilibaki dakika kumi na tano kufikia saa kumi na mbili na dakika saba. Kule kwenye kisanduku cha saba kuna kijireseau kidogo, na Athanase hagusi hata skrubu kabla ya kufungua ukurasa upya. Alimpigia. Haikupita. Akampigia tena, haikupita. Lililobaki ni kuurudisha ule mstari kabla hajausoma ukurasa.

"Rudisha mustari," alisema Mama Libérata. "Ila sababu uiache."

"Bila sababu, mwingine atautosha tena, kama vile mimi."

"Mutoto yangu aliiacha makusudi. Ile kitabu yenu, nani anaisomaka?"

"Kila mwenye anataka, Mama. Njo uzuri yake."

Mama Libérata alijitwika kuni, akashuka.

Joséphine-Marie aliandika haraka. *Kisanduku kisiitike wito wa kwanza. Kingoje wa pili. Sababu: kisicho mtu huita mara moja tu, mtu huita mara mbili.* Hata katika hofu ile, alipoyaona maneno yamekaa vizuri aliridhika. Akatuma. Duara dogo likazunguka kwenye kioo. Likazunguka. Saa kumi na mbili kamili. Na dakika mbili. Na dakika nne...

Ikaenda.

Dakika ya saba, upepo ulikatika. Mikaratusi ilisimama kimya, na hewa ikajaa harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, ilhali hapakuwa na mtu aliyekuwa akilima.

Kisha simu ikalia. Ujumbe wa Athanase: "José, nimeona page imebadirika, nimefanya vile inasema. Ya saba imeitwa mara moja, imenyamaza. Kesho nitarekebisha ya sita. Niko nakuya."

Alilia kwa furaha, peke yake pale juu. Alifunga kompyuta, akashuka mbio kwenye njia ya mashamba huku akimshukuru Mungu kwa sauti. Alikuwa amefika kwenye mihogo pale harufu ya udongo ilipomfikia tena, na sauti nzito, ya upole, ikamwita kutoka gizani.

"Mama Joséphine!"

Papa Noël! Moyo wake uliruka. Siku zote hizi alikuwa amemwombea, na sasa kumbe amepona.

"Papa Noël! Niko hapa!"

Hakuna aliyejibu.

Akataka kumwita tena. Mdomo ulifunguka, pumzi ikatoka. Pumzi tu.

*

Wiki mbili zilipita. Joséphine-Marie aliongea na mumewe kwa kuandika kwenye daftari. Pale Nyabiondo, aliyemcheka Mama Libérata sasa alimwiga. Hata watoto hawakuitika mpaka waitwe mara mbili. Kila jioni, kutoka kwenye mikaratusi, sauti ya Joséphine-Marie ilimwita Athanase, mara moja, kwa mahaba yaleyale ya zamani. Athanase aliukamata mkono wa mkewe, akainamisha kichwa, akanyamaza. Iliwauma wote wawili, lakini walikuwa salama.

Jumamosi, jua likielekea kuzama, jirani yao Brigitte alikuja mbio.

"Mama Libérata hasemi tena. Tangu jana. Tumemukuta ku mulango, mudomo wazi, uso na furaha kabisa. Na mimi nilimusikia, José. Alikuwa anaitika: Niko, mutoto yangu! Niko!"

Joséphine-Marie alisimama. Mwanamke yule alikuwa amevumilia mwaka mzima bila kumwitika mwanawe. Hakuwa mtu wa kukosea.

Aliinyakua kompyuta, akakimbilia kilimani bila hata kumwandikia Athanase, aliyekuwa kisimani. Réseau ilipokubali, alifungua orodha ya waliousoma ukurasa wake. Athanase. Athanase tena. Fundi mmoja wa Bweremana. Na mwisho kabisa, juzi, saa kumi na mbili na dakika saba jioni: *Kisanduku cha sita.*

Kisanduku kisicho na kioo. Kisicho na macho.

Kilikuwa kimeufungua ukurasa mara moja tu, na kilikuwa kimefika kwenye mstari wa mwisho, ule wa sababu.

Aliufuta huku akilia. Duara likazunguka. Hewa ikanuka udongo. Akatazama chini, akamwona Athanase kwenye njia ya mihogo, tochi mkononi, anapanda kumtafuta.

"Athanase!"

Sauti yake mwenyewe, kutoka upande mwingine wa shamba.

Athanase alisimama. Hakuitika. Alijua. Aliinamisha kichwa kama kila jioni, akangoja ipite. Joséphine-Marie alipiga makofi, akarusha mawe, akateremka mbio na kuanguka na kuinuka, lakini palikuwa mbali, na Athanase alikuwa anasikiliza upande ule mwingine.

"Athanase!"

Mara ya pili.

Alimwona akiinua kichwa polepole. Alimwona, kwenye mwanga wa tochi, akitabasamu kama mtu aliyerudishiwa mke. Kisha akafungua mdomo.