Benchi la Darasa la Kwanza

Kila Jumatano baada ya masomo, wanafunzi wa kikundi cha useremala walikutana katika chumba kilicho nyuma ya maktaba. Msumari, msichana aliyebandikwa jina hilo kwa wembamba wake, alikuwa bingwa wa kupiga msasa. Mwenyekiti wao alikuwa Chiriku, rafiki yake tangu chekechea, msichana asiyeishiwa maneno. Msumari ndiye aliyempigia debe. "Mchagueni huyu," aliwaambia wenzake. "Anasikiliza watu."

Benchi lao la kwanza lilipokaribia kwisha, walikaa kuamua liende wapi. Walibishana, wakataniana, kisha wakanyoosha mikono: liende darasa la kwanza, ambako watoto walikuwa bado wanakaa sakafuni. Chiriku alipiga makofi kuliko wote.

Benchi lilipokwisha, Jumatatu moja Msumari alipita mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, akasimama ghafla. Benchi lilikuwa pale barazani, linang'aa kwa vanishi, wageni wamelikalia. Chiriku alikuwa kando yao, anamwagiwa sifa.

"Chiriku, si tulikubaliana?" Msumari alimuuliza wageni walipoingia ndani.

"Wale wadogo watalichorachora tu. Hapa kila mtu analiona. Halafu, mwenyekiti ni mimi au wewe?"

Msumari alimsogelea. Angeambiwa hivyo na mtu mwingine, angevumilia. "Mimi ndiye niliyewaomba wakuchague," alisema. "Sasa nikawaambie nini?"

Chiriku akageuka, akaenda zake.

Jumatano, habari ikiwa imewafikia wote, hakuna aliyeshika nyundo. Wengine walitaka kujitoa. Msumari naye alitamani kuondoka, lakini alisimama. "Tusiondoke. Kikundi ni chetu sote. Tumuulize Chiriku hapa hapa, mbele ya wote."

Fundi seremala aliyewafundisha aliendelea kunoa randa, masikio yakiwa kwao.

Chiriku alianza na maneno yake mengi, lakini yakamwishia njiani. Aliwatazama mmoja mmoja, hakuna aliyemtetea. "Nilitaka mwalimu mkuu anione," alisema hatimaye. "Nimewakosea."

Alikwenda ofisini mwenyewe. Mwalimu mkuu alishangaa, maana alidhani ni zawadi ya kikundi kizima. "Lipelekeni mlikoamua," alisema.

Wakalibeba. Watoto wa darasa la kwanza walilivamia, wakabanana huku wakisukumana kwa vicheko.

"Bado umenikasirikia?" Chiriku alimuuliza Msumari.

"Ndiyo. Bado inaniuma."

"Ana haki ya kuumia," fundi alimwambia Chiriku. "Hukupewa uenyekiti ili uwaamulie wenzako. Ukiwa na wazo lako, lilete, uwashawishi. Wakilikataa, simamia walichoamua, tena kwa moyo mmoja." Akawageukia wengine. "Nanyi, kazi yenu haikuisha mlipompa kura. Leo mmemuuliza. Msiache kuuliza."

Waliporudi chumbani, Chiriku alishika ubao mpya. "Benchi la pili tulipeleke wapi?" aliuliza.

Kisha akanyamaza, akawasikiliza.