Mgonjwa Asiachwe Peke Yake

Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, saa mbili asubuhi, Daktari Susan Kurian alifungua kabati la chumba chake cha kusomea huko Malaz, Riyadh, akakuta boksi moja limetoweka.

Inspekta Nasoro Bakathir alifika kabla ya saa tatu. Bibi yake alikuwa Mzanzibari aliyemlea kwa Kiswahili. Kwa hiyo kila kesi ya nyumba yenye wafanyakazi Wakenya ilitupwa mezani pake.

"Boksi lilikuwa na nini?"

"Vidonge viwili, kitambaa cha kufunika macho na karatasi ya maelekezo." Daktari alisita. "Lebo ina jina la dawa ya uyoga iliyopigwa marufuku nchini. Lakini ndani ni unga wa mchele tu. Ni mfano wa kufundishia."

"Kufundishia nini?"

"Kuna wagonjwa ambao miguu yao hukataa kutembea, ilhali mifupa yao ni mizima na picha za ubongo hazionyeshi kasoro. Ni ugonjwa wa kweli, Inspekta. Mawasiliano ya ubongo na mwili yamevurugika. Huko Ulaya watafiti wanajiuliza kama dawa hiyo ya kubadilisha fahamu, ikiambatana na mazungumzo, yaweza kuwasaidia. Bado haijathibitishwa."

Inspekta alikagua kabati. Kufuli halikuvunjwa. Kompyuta ilikuwapo. Bangili ya dhahabu ilikuwapo.

Muuza dawa za kulevya angebeba vidonge na kuiacha karatasi. Mwizi huyu aliibeba. Basi alikusudia kuyafuata maelekezo.

"Nani alijua habari za boksi hili?"

"Hakuna. Nilizungumza na wenzangu kwa simu tu."

"Ukiwa wapi?"

"Garini."

"Nani alikuwa akiendesha?"

Daktari alikaa chini. "Elkanah. Miaka miwili nimeutazama mgongo wake. Sikuwahi kufikiri kwamba anasikiliza."

Elkanah hakuwapo. Getini alikuwapo Jackton, mlinzi, Mkenya mwenzake.

"Elkanah yuko wapi?"

"Afande, mimi ni wa geti. Mambo ya kabati siyajui."

"Nimekuuliza habari za kabati?"

Jackton aliufumba mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

"Ulimi umekutangulia, bwana. Sema yote."

"Ni dada yake, Sellah. Alikuwa akifanya kazi za nyumbani Jeddah, miguu ikakataa. Hospitali wakapiga picha, wakasema mafi mushkila, hana shida. Kafili, yule mwajiri wake, akamtupa mtaa wa Kandara, huko huko Jeddah, kwenye chumba cha wasichana wa kwetu. Jumamosi anapandishwa ndege na barua inayosema anajifanya mgonjwa. Sasa, afande, nyumbani nani atamwamini? Elkanah alipanda basi jana jioni."

Saa tisa alasiri, baada ya safari ya ndege, Inspekta alikuwa akipanda ngazi za nyumba moja kuukuu huko Kandara. Askari wawili wa Jeddah walibaki chini.

Chumba kilikuwa na magodoro sita. Matano yalikuwa yamekunjwa. Wenyewe walikuwa kazini. Kwenye la sita alilala mwanamke aliyefunikwa macho kwa kitambaa. Kando yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliketi mwanamume. Mkono mmoja ulishika mkono wa mgonjwa, wa pili ulishika karatasi.

"Elkanah."

"Sema polepole, afande. Karatasi inasema pasiwe na kelele."

"Uliiba boksi?"

"Niliiba."

"Ufunguo uliupata wapi?"

"Upo pamoja na funguo za gari. Daktari huniachia zote."

"Kwa nini hukumwomba?"

"Ningeombaje kitu nilichokisikia kwenye simu isiyo yangu?"

"Kwa nini uliiba?"



"Tumeishi nchi moja miaka miwili, afande, na leo ndiyo mara ya kwanza kuonana. Siku miguu ilipokataa, alianguka jikoni kwa mwajiri wake. Alilala sakafuni tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alinipigia simu mara saba. Nilikuwa nikimwendesha daktari. Nikaizima." Aliinua karatasi. "Hapa pameandikwa: mgonjwa asiachwe peke yake. Niliposikia daktari akiyasoma maneno haya, nilijua ni lazima nije."

Inspekta alichuchumaa. Ilimpasa kusema kweli.

"Elkanah, si dawa. Ni unga wa mchele."

Elkanah alimtazama dada yake, na sauti ikatoka chini ya kitambaa.

"Nimesikia. Unga." Sellah hakuondoa kitambaa. "Kwa hiyo na mimi watasema miguu yangu ni uongo?"

Inspekta alimpigia daktari, akamweleza hali ya Sellah, akaiweka simu juu ya godoro ili wote wasikie.

"Sellah," alisema daktari kwa Kiingereza cha upole, "hujifanyi. Unaumwa. Kabla ya Jumamosi nitakuja kukupima, kisha niandike barua yenye muhuri wangu, itakayosema hivyo. Utaipeleka kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo huko kwenu. Siahidi kwamba utapona. Naahidi kwamba utaaminiwa."

"Na kaka yangu?"

"Mashtaka nitayaondoa. Lakini maelezo yake lazima ayaandike polisi."

Inspekta alitoa pingu, akamgeukia Elkanah. "Simama. Tunarudi Riyadh."

"Nitakuja, afande. Lakini karatasi inasema muda wa saa sita. Tumemaliza nne."

"Nimekwambia ni unga."

"Unga ni vile vidonge," alisema Sellah. "Aliyekaa hapa ni mtu."

Miguu yake haikusogea siku hiyo. Inspekta alizirudisha pingu mfukoni, akakunjua godoro mojawapo, akaketi upande wa pili. Saa mbili zilizobaki, Sellah alisimulia yaliyompata, na wanaume wawili wakasikiliza.

Nawe uliyesoma hadi hapa, msomee jirani yako, hasa mzazi asiyejua kusoma mwenye mtoto ughaibuni. Mwambie naye amsimulie mwingine: mtoto akipiga simu, aipokee.