Meno Yasiyomwenea Mwizi

Mwizi aliacha dhahabu akachukua meno. Inspekta Nikolaus alizidi kulifikiria jambo hilo tangu aingie chumba cha daktari wa meno katika zahanati ya Kisarawe, asubuhi moja ya mwaka 1954, na kusema kweli lilimfurahisha. Miaka yote ya wezi wa kuku, hatimaye kitu cha kukuna kichwa.

Kabati halikuvunjwa. Kufuli lilikuwa zima. Koleo za kung'olea meno zilikuwa mahali pake, na kibati cha dhahabu ya kuzibia matundu hakikuguswa. Kilichotoweka ni seti ya meno ya bandia, ya juu na ya chini.

"Ni ya nani?"

"Ya mteja," alijibu Daktari Mfaume, leso mdomoni. Alisema ana jipu la fizi, na kweli maneno yalimtoka yakipwaya. "Siri ya mgonjwa siitoi. Mwenye ufunguo mwingine ni Husseini, mfagiaji. Mfungeni."

Husseini alikuwa ameshalala mahabusu, tangu koplo amkamate jana yake. Mkewe alikaa nje ya kituo na mtoto mgongoni, na koplo alikwishaandaa hati ya mashtaka. Mbele ya hakimu, neno la mfagiaji kwa neno la daktari, nani angemsikiliza? Inspekta alimwita Husseini.

"Uliyachukua?"

"Hapana, afande. Ningeyapeleka wapi? Hayanienei."

Jibu hilo lilimkaa Inspekta kichwani. Meno ya bandia hutengenezwa kwa kinywa cha mtu mmoja, hayauziki, hayaazimiki. Basi aliyeyaiba hakuyataka meno, alitaka mwenye meno akose ya kuvaa. Akimjua mwenyewe, mwizi hatakuwa mbali.

Alirudi kwa daktari, akang'ang'ania pale mpaka saa ya chakula, ikabidi akaribishwe nyumbani. Bibi Mwanamkuu, mke wa daktari, alitandika mkeka. Mbele ya mgeni aliweka wali na kuku wa kukaanga. Mbele ya mumewe aliweka bakuli la ndizi zilizopondwa mpaka zikawa kama uji.

Inspekta almanusura acheke. Daktari wa meno, ambaye watu walikuja kutoka mbali, hata Kurui, kumfunulia vinywa, alikuwa kibogoyo.

"Mteja wako ni wewe, Daktari."

Leso ilishuka. "Ningefanyaje? Nani atamwamini daktari wa meno asiye na meno?"

"Nani mwingine anajua?"

Daktari alitazama bakuli. Inspekta akamgeukia mkewe.

"Bibi, mumeo huyavaa lini?"

"Kazini. Jioni huyafungia kabatini, kwangu haji nayo. Na huyavaa akienda Maili Moja."

"Kuna nini Maili Moja?"

"Kuna mwanamke, Swaumu. Anamwoa Ijumaa ijayo."

"Uliyachukua wewe?"

"Mimi. Nilitoa ufunguo mfukoni mwake amelala, nikaurudisha. Nimempondea chakula tangu jino la mwisho lilipomtoka. Aibu yake nimeitunza, hata mama yangu mzazi hajui. Kule anacheka, anatafuna korosho, anaitwa kijana. Nikasema aende kuoa vile alivyo kwangu."

"Na Husseini?"

"Huyo sikumdhamiria. Tangu niliposikia mkewe analia pale kituoni, chakula hakinipiti. Leo ningekuja mwenyewe."

Alifungua pindo la kanga, akayaweka meno juu ya mkeka.

"Unamshtaki mkeo?" Inspekta aliuliza.

Daktari alitikisa kichwa. Mahakamani angeulizwa meno ni ya nani.

"Basi Husseini anatoka sasa hivi. Utamwomba radhi wewe mwenyewe, mbele ya mkewe. Bila leso."

Bibi Mwanamkuu aliondoa vyombo. Mlangoni alisimama.

"Ijumaa nenda, mume wangu, sikuzuii. Ila kabla ya kufunga ndoa uyavue, Swaumu akuone. Akikukubali hivyo, nitampokea kama mdogo wangu."

Ijumaa ilifika. Lori la kwenda Maili Moja lilipiga honi mara mbili nje ya zahanati, kisha likaondoka bila Daktari Mfaume.