Picha ya Shimo la Mirihi

"Kahawa imeingia mchanga."

Simu ikakatika. Moza Al-Ketbi, afisa wa usalama, akakanyaga mafuta, Land Cruiser ikaruka tuta. Maana aliijua: mgeni wa kituo cha anga ni jasusi.

Saa tano kasoro robo asubuhi. Saa tano kamili kituo kingekiamuru chombo kinachoizunguka Mirihi kiteremshe kijigari chake kwenye miamba. Amri ikishatoka, hairudi.

Taa nyekundu. Aliipita.

Kituoni, Ghanim, mkuu wa ramani za miamba ambaye wenzake humwita Bu Saif, alikuwa mbele ya kompyuta, macho mekundu. Miaka kumi na mmoja aliyasoma mawe ya Mirihi kwa picha tu. Kando yake Dakta Halvorsen, mgeni wa wiki mbili, akinywa kahawa bila haraka.

"Bu Saif, pa kutua kachagua nani?"

"Dakta. Kanipa vipimo vipya jana."

"Ukavikagua?"

"Mgeni wangu, nimkague kama mwanafunzi? Aibu hiyo, bibie. Niache, nina dakika sita."

Moza hakubishana. Alitwaa picha ya miamba mezani, akaigeuza juu chini, akaisukuma mbele ya mgeni.

"Nieleweshe, Dakta. Hiki nini?"

Halvorsen hakuigusa. "Kilima. Kizuri sana."

Ghanim aliganda. Msoma miamba yeyote huizungusha picha kwanza mpaka mwanga utokee juu. Asipofanya hivyo jicho humdanganya, shimo akaliona kilima.

"Hilo shimo," alisema polepole. "Wewe mawe huyajui kabisa."

Birika la kahawa likaruka. Halvorsen akakirukia kitufe cha kutuma.

Hakukifikia. Teke la Moza lilimpata gotini, na alipoinua kichwa akakutana na mdomo wa bastola ya Caracal.

"Kaa chini. Bu Saif, rudisha vipimo vyako."

Ghanim akavirudisha upesi. Sekunde tisa zilipobaki, alituma.

Wakangoja. Moza alimfunga Halvorsen pingu, akazunguka chumba, akazunguka tena. Kukaa hakuweza.

Baada ya dakika arobaini kioo kiliwaka: kijigari kimesimama, magurudumu yote chini. Ghanim alilia waziwazi, wala hakuona haya.

Redio ya Moza ikakwaruza. "Hali?"

"Kahawa imechujwa."

Moza alimkabidhi Halvorsen kwa walinzi mlangoni, kisha akarudi hadi mezani. Aliizungusha ile picha, mwanga ukatokea juu, na shimo likaonekana wazi, refu na jeusi.

"Mgeni mwingine akija," alisema, "mpe kahawa. Vipimo kagua."

Akavaa miwani ya jua, akatoka.