Mkono wa Primus Kibarazani

Alawi bin Sefu alikuwa bado hajasema bismillahi wakati mkono wake wa kulia ulipopanda wenyewe hadi kwenye paji la uso, ukashuka kifuani, ukagusa bega la kushoto, kisha la kulia. Halafu ukachukua tonge.

Mkewe, Mwanajuma, aliacha kutafuna.

"Baba Shida, umefanya nini?"

"Nimefukuza nzi."

"Nzi gani anafukuzwa kwa msalaba?"

Ilikuwa mwaka 1944, na Alawi, fundi cherehani wa Moshi mjini, ndiye aliyetajwa kuwa wa kwanza katika sataranji. Wachezaji walijulikana kwa namna walivyoketi kwenye kibaraza cha duka lake: bingwa karibu na mlango, wengine wakifuata kwa uwezo wao, mpaka dhaifu kabisa penye ngazi. Nafasi haikurithiwa wala kuombwa. Ulimshinda aliyeikalia, ukakaa. Ile ya mlangoni ilikuwa ya Primus Lyimo wa Kilema, ambaye hakuna aliyewahi kumshinda, naye alichukuliwa askari akapelekwa vitani katika misitu ya Burma. Habari ya kifo chake ilipofika, Alawi aliketi pale bila kushindana na mtu.

"Marehemu hachezi," alisema. Wenzake wakampisha.

Tangu hapo mkono haukuwa wake peke yake. Katika kushona ulimtii. Mbele ya ubao ulikwenda ulikotaka, ukamtoa farasi mapema kama Primus alivyozoea, ukashinda. Na kila uliposhinda ilitoka harufu ya matope na majani yaliyooza, ingawa ilikuwa kiangazi na barabara ilijaa vumbi. Alawi alipokea pongezi zote. Hilo ndilo lililomfanya ashindwe kumtazama mkewe.

"Huo ni mzimu wa mtu asiyezikwa kwao," Mwanajuma alinong'ona. "Mwite mama yake Primus. Na useme mbele ya watu kwamba wa kwanza ni mwanawe."

"Watanicheka."

"Na siku utakapofanya msalaba msikitini?"

Dominika, mama yake Primus, aliteremka kutoka Kilema siku ya mashindano, alipokuja Eliezeri Munuo, bingwa wa Sanya Juu, ili ijulikane nani mkubwa katika wilaya nzima. Kibaraza kilijaa.

"Mzee Eliezeri," alitania Khamisi, muuza kahawa, aliyeketi wa pili, "umefunga chakula cha njiani? Maana hapa hukai sana."

"Nimekula kabisa, mdogo wangu. Mtakaolala na njaa ni ninyi."

Alawi alimwamkia Dominika shikamoo, akasimama. Sauti ilikuwa ndogo.

"Jamani, wa kwanza ni Primus Lyimo. Hapa nimekaa bila haki. Hata michezo niliyoshinda si yangu."

Watu wakapiga makofi. "Sikieni unyenyekevu huo!" alisema Khamisi. Alawi angeweza kuwasahihisha. Hakuwasahihisha.

Dominika hakupiga makofi. Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akausemesha taratibu kwa Kichagga, kama mtu anayemwamsha mtoto aliyesinzia ugenini. Vidole vikamng'ang'ania, vikalegea. Harufu ilivuma mara moja, ikaisha. Mama akainuka, mikono ameikunja kifuani kama aliyebeba kitu, akaishika njia ya mlimani kwenda kumlaza mwanawe katika kihamba cha baba zake, shamba la migomba la ukoo.

Mchezo ukaanza. Sasa mkono ulikuwa wa Alawi, mwepesi na mjinga. Eliezeri alikula farasi, kisha waziri, na Khamisi akaacha mzaha, na waliokuwa wamesimama wakainama kuutazama ubao, kisha wakamtazama yeye, mmoja baada ya mwingine, na jasho likamtiririka mgongoni, na alipoinua macho kuyakwepa macho yao alimwona Dominika bado yuko barabarani, hajafika hata penye kona, akienda polepole ili asimwamshe aliyembeba.

Alawi akainama kama anayekohoa, akaweka mdomo kwenye kiganja chake.

"Primus," alinong'ona. "Rudi. Mara hii tu."

Harufu ilitangulia. Kisha mkono ukaenda kwenye ubao bila kusita.

Barabarani, Dominika alisimama ghafla. Aliikunjua mikono yake, akaikuta mitupu, kisha akageuka kukitazama kibaraza, ambako watu walikuwa wameanza kushangilia.