Mgeni wa Chini ya Baraza

Siku ya kwanza ya kazi, fundi Twalib aliung'oa ubao wa nne kwa mtaimbo, akaugeuza, akavua kofia.

Upande wa juu ulikuwa kama alivyoutarajia. Jua, mvua na chumvi ya miaka kumi na tisa vilikuwa vimeupasua na kuuotesha vinyweleo kama ndevu za mbuzi. Hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa. Lakini upande wa chini, ambao haukuwahi kuguswa na mtu tangu ulipopigiliwa, ulikuwa laini. Uling'aa kama mkono wa kiti cha kinyozi.

"Dada Shufaa, hebu njoo ushike hapa."

Shufaa alikuwa amekaa kizingitini na kompyuta mapajani, akisahihisha kazi za wanafunzi wake wa takwimu, ambao nusu yao walikuwa wamenakiliana mpaka makosa. Alikuja, akapapasa.

"Unyevu," akasema.

"Unyevu unaozesha, dada. Haupigi msasa."

"Basi paka. Paka hupenda kujisugua."

Twalib aliinama akatazama chini ya baraza. Kutoka mchangani hadi kwenye mbao palikuwa na nafasi ya kumtosha mtu mzima aliyeketi, kichwa kikigusa juu. Alitaka kusema kitu kuhusu kimo cha paka huyo, akaona bora aendelee na kazi.

Nyumba hiyo iko Mbegani, hatua chache kutoka majini. Baraza ya mbao aliijenga marehemu baba yake Shufaa upande unaotazama bahari, na tangu alipofariki ndipo mjane wake, Bi Mwanajuma, anaposhinda. Mwaka huu masika yaliimaliza. Mwezi wa tano mguu wa Bi Mwanajuma ulizama kwenye ubao uliooza mpaka gotini, na Shufaa alipopigiwa simu akaomba likizo ya wiki tatu chuoni, Dar. Alikuwa ameshamwambia mama yake ahamie kwake Sinza. Jibu lilikuwa lile lile: "Ghorofani kwako nitamkaribisha nani, mwanangu?"

Maana Bi Mwanajuma ni mtu wa nyumba za zamani za mjini Bagamoyo, na kwake adabu si mapambo. Hata kijana wa kusoma mita ya maji hanywi chai hapo akaondoka peke yake. Bi Mwanajuma atajifunga mtandio, atavaa kandambili, atamsindikiza mpaka barabarani, na hatageuka mpaka mgeni mwenyewe aseme, "Inatosha mama, rudi." Shufaa aliyaona mambo hayo kuwa njia ndefu ya kusema maneno mafupi.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, bahari ikiwa imekupwa mbali na mchanga uking'aa mtupu, Twalib alikuwa akipigilia ubao mpya wa mninga. Ta, ta, ta. Akanyamaza kuchukua msumari mwingine. Chini yake pakajibiwa: ta, ta, ta.

Akashusha nyundo taratibu.

Ndipo ikaja sauti ya mwanaume, ya upole, yenye lafudhi ya wazee wa kale. "Hodi, wenyewe."

"Karibu!" alisema Shufaa bila kuinua macho kwenye kompyuta. Muuza samaki, alidhani. Watu wa ufukweni walipita na kubisha kutwa nzima.

Hakupanda mtu ngazi. Pakapita tu harufu, kama sanduku la nguo za bibi limefunguliwa: udi, na chini ya udi, tope la mikoko.

"Dada," alinong'ona Twalib. "Hukuuliza nani."

"Si atakuja aseme shida yake?"

"Sauti ilitoka hapa." Alionyesha katikati ya magoti yake. "Nimechungulia. Hakuna mtu."

Shufaa alicheka kidogo, akamwambia kwamba mwangwi ni somo la kidato cha pili. Twalib hakucheka. Mchana huo aliacha nyundo, akatoa kwenye begi lake mashine ya betri na boksi la skrubu. Skrubu, alisema, haibishi hodi.

Siku ya tatu Shufaa aliona vikombe viwili kwenye kijimeza cha mama yake. Kimoja kilikuwa kitupu. Cha pili, mbele ya kiti kisichokaliwa, kilikuwa kimejaa chai ya tangawizi, na juu ya chai palikuwa na ngozi nyembamba ya chumvi.

"Ulikuwa na nani, mama?"

"Na mgeni wako," alisema Bi Mwanajuma. "Umemkaribisha ukamwacha amekaa chini. Nimeona haya, nikampandisha juu."

"Mgeni gani?"

"Mtu mwenye heshima zake. Haulizi mengi." Alishusha sauti kama mtu asiyetaka asikike upande wa pili wa ukuta. "Anasikitika tu kwamba nyumba yao siku hizi ina upweke."

Shufaa alimtazama mama yake usoni, akitafuta mdomo uliopinda au jicho lililolegea, zile dalili alizozisoma mtandaoni. Hakuona. Alichokiona ni vidole. Ngozi ya vidole vya mama yake ilikuwa imekunjamana, nyeupe, kama ya mtu aliyefua mablanketi tangu alfajiri. Na pindo la kanga lilikuwa limelowa mpaka magotini.

"Umeingia majini?"

"Nilimsindikiza. Jana mchana aliponipigia hodi ya kuaga nilifika ngazini tu, mguu uliuma. Jioni tukafika mchangani. Leo tumefika penye mawe ya kwanza." Akatabasamu. "Nasema inatosha, yeye anasema bado kidogo, mama, kwetu si mbali."

Shufaa alikuwa na shahada mbili, na zote hazikumsaidia kupata usingizi. Alimpigia daktari, akapewa miadi ya Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa, saa tano na nusu, aliingia ndani kuchemsha maji. Hakukaa robo saa. Alipotoka kiti cha mama yake kilikuwa kitupu, na Twalib alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza, mashine ikizunguka mkononi mwake bila kazi, akionyesha baharini.

Bi Mwanajuma alikuwa mbali, kwenye maji ya kiunoni, na maji yalikuwa yanarudi. Alitembea polepole, kiwiko chake cha kushoto amekiinua kidogo, kama mtu aliyeshikwa mkono na mwenzake. Aligeuza uso upande huo mara kwa mara, akicheka kicheko kile cha kumridhisha mgeni. Jua lilikuwa la utosi. Hapakuwa na kivuli popote cha kumsingizia.

Shufaa alikimbia. Akiwa anakimbia aliona nyayo, na ubongo wake, uliozoea kuhesabu, ulihesabu hata kabla hajataka: kulikuwa na mistari miwili. Mmoja ni wa nyayo za mama yake, zimejaa maji. Wa pili ulienda sambamba nao, na kila wayo ulikuwa mkavu, mweupe, mchanga wa unga katikati ya mchanga uliolowa, kana kwamba kilichokanyaga hapo kiliyanywa maji yote yaliyokuwa chini yake.

Alimfikia mama yake maji yakiwa kifuani, akamvuta. Kwa muda, kitu cha upande wa pili hakikuachia.

Jioni hiyo Twalib alimleta Bi Hija, mganga wa Makurunge, kwa bodaboda. Shufaa alitarajia shanga na macho mekundu. Alishuka mwanamke mnene mwenye matope ya shamba la mihogo visiginoni, mfuko wa plastiki mkononi, akilalamikia mwendo wa dereva.

"Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba, mwanangu. Nani alisema karibu?"

Shufaa alimtazama Twalib. Twalib alitazama viatu vyake.

"Mimi."

"Ulimpa hata maji?"

"Sikumwona."

"Ulimsindikiza?"

"Bi Hija, nimesema sikum..."

"Basi mama yako anaifanya kazi yako." Alipiga goti kwa kuguna, akaweka kiganja juu ya mbao mpya, akakiondoa haraka kama aliyegusa sufuria. "Huyu alikuwa hapa chini miaka, hana taabu na mtu. Jirani. Wewe ndiye umemfanya mgeni."

"Mfukuze, basi."

"Nimfukuze kwa kosa gani? Amebisha, amejibiwa. Nikimfukuza nitakuwa nimemdhulumu, na hao wakidhulumiwa hudai kwa vizazi. Mgeni wa namna hii husindikizwa na aliyemkaribisha, mpaka mwenyewe aseme inatosha."

"Asiposema?"

Bi Hija aliitazama bahari, kisha akamtazama Shufaa kuanzia kichwani hadi miguuni. "Unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Mama yako hajui kabisa. Kwa hiyo utakwenda wewe." Akamvuta karibu, akanong'ona mpaka mvuke wa pumzi yake ukaingia sikioni. "Akikuuliza habari, mjibu. Usimnunie. Usimtazame. Na akishakuaga, atasimama angoje neno. Lile tunalolisema wote bila kufikiri. Usimwambie karibu tena. Hata akikushika vipi. Ukilitoa hilo, mwenye kuja kumchukua mama yako utakuwa umemwita wewe, mara ya pili, kwa kinywa chako mwenyewe."

Jumamosi maji yalikupwa karibu na adhuhuri. Ndani, Bi Hija alimlaza Bi Mwanajuma kitandani, akafukiza ubani, akafumba macho na kuanza Yasini. Shufaa alisimama kwenye ngazi ya mwisho ya baraza, akahisi mjinga, akasema, "Haya, mgeni. Nikusindikize."

Harufu ya udi ikaja. Kisha mkono wake wa kushoto ukawa mzito.

Walitembea. Mchanga ulikuwa mgumu na wenye mikunjo, kaa wadogo wakikimbilia matunduni kabla hawajafika, na upande wake wa kushoto ile sauti ya upole ikamuuliza habari za Dar, naye akasema nzuri, ikauliza wanafunzi hawajambo, akasema hawajambo, ikauliza kama bado wanaibiana majibu, na Shufaa, ambaye hakuwa amemsimulia mtu yeyote katika nyumba ile habari za wanafunzi wale, akasema ndiyo, bado, akiwa anatazama mbele tu, mbele kabisa, penye mstari mweupe wa mawimbi ambao ulikuwa mbali na sasa haukuwa mbali, maji yakafika vifundoni, yakafika magotini, yalikuwa ya uvuguvugu kila mahali isipokuwa upande wa kushoto, na alipodhani watasimama penye mawe ya kwanza hawakusimama, wakayapita, yakaja mawe mengine ambayo tangu utotoni hakuwahi kuyaona yakitoka majini, maji yakawa kiunoni, yakawa kifuani, na nyuma yake alisikia mkondo ukigeuka kwa sauti kama ya pazia zito linalovutwa, akajua kwamba bahari imeanza kurudi nyumbani na yeye anakwenda kinyume nayo, akitaka kusema inatosha, akikumbuka kwamba si yeye wa kusema.

"Inatosha, mwanangu," ilisema sauti. "Rudi."

Wakasimama.

Mkono haukuachiwa. Ilingoja, kwa subira, kama mtu aliyeshika komeo la mlango akisubiri maneno ya mwisho ya mwenyeji. Wimbi likamfika kidevuni. Neno lilikuwa tayari limepanda kooni, limekaa nyuma ya meno, maana alilisema maisha yake yote kwa watu asiowapenda, kwa wakwe, kwa maofisa, kwa wauza bima. Shufaa aliung'ata ulimi mpaka akaonja damu. Maji yakamfunika mdomo, kisha pua. Alihesabu. Alipofika arobaini na moja, kitu kikashusha pumzi kando ya sikio lake, pumzi ya mtu aliyevunjiwa heshima, na mkono wake ukawa mwepesi.

Aliogelea vibaya, akimeza maji, mpaka vidole vya miguu vikagusa mchanga. Hapakuwa na harufu yoyote ila ya bahari. Alilia njia nzima, kwa sauti, bila kuona aibu.

Twalib alimkuta majini akamshika bega. "Amekwenda?"

"Amekwenda."

Ndani, sauti ya Bi Hija ilikuwa bado inasoma, macho bila shaka yamefumbwa. Lakini Bi Mwanajuma hakuwa kitandani. Alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza, juu ya mbao mpya, uso umechangamka tena, vidole vimenyooka, miguu mikavu. Mkono mmoja umekinga jua juu ya macho, wa pili unapunga mtandio kuelekea baharini.

"Umemfikisha vizuri, mwanangu," alisema. "Ila umenitia haya. Mtu anakuaga, amesimama pale anakungoja, wewe mdomo umeubana! Nimekuona kwa macho yangu. Ndivyo nilivyokulea?"

Shufaa alishika nguzo ya ngazi. "Mama. Umemwambia nini?"

"Nimwambie nini? Nimepaza sauti, nimemwambia karibu tena."

Ndani ya nyumba, Yasini ikakatika.

"Kafurahi mno," aliendelea Bi Mwanajuma, akiukunja mtandio wake vizuri begani. "Kasema safari hii atakuja na mke na watoto, na wazee wake pia, hawajawahi kukaribishwa na mtu." Akamgeukia Twalib, ambaye tayari alikuwa anaingiza misumeno kwenye gunia. "Fundi, usifungashe kwanza. Lete futi yako tupime upya. Hapa hawataenea."