Komeo la Shivachi

Uji ulinuka dizeli. Mideva aliumwaga, akasugua sufuria, akapika mwingine, nao ukanuka vilevile.

"Shivachi, ni wewe umeweka mafuta hapa?"

"Mafuta gani, bana? Hiyo ni mimba inakusumbua," alijibu mumewe, akatoka kwenda kufua bati.

Shivachi alikuwa fundi wa majiko pale Mashimoni, Kibera, na fundi wa majiko hufulia juu ya kipande cha reli. Chake kilikuwa kipya. Januari ile ya 2008, vijana walipong'oa reli ya Kibera kwa hasira ya kura, naye alikwenda, si kwa siasa bali kwa tamaa. Alijikatia kipande, akaokota na msumari mmoja mnene wa reli. Msumari ule aliutengenezea komeo la mlango, maana siku zile nani alilala bila komeo la maana? Akajisifu nalo mtaa mzima, mjinga yule.

Sasa ilikuwa Machi, wakubwa wamekwisha kupeana mikono, na siku za Mideva kujifungua zilikuwa zimepita. Uchungu ulimshika, ukazidi, ukasimama. Ukarudi, ukasimama tena. Kliniki walimwambia akangoje nyumbani. Na kila uchungu uliposimama, kile kipande cha reli kililia chenyewe huko nje, kwa mlio mrefu wa treni inayofunga breki, na hakuna mtu aliyekuwa amekigusa.

Mchana huo wakamwita Ndinda, mganga wa Kikamba kutoka Silanga. Alichoma ubani, akaweka kiganja juu ya tumbo la Mideva.

"Wewe ni nani? Unataka nini na mtoto wa wenyewe?"

Mideva alifungua kinywa, lakini sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Mimi ni Filister. Mtoto wangu alilala vibaya tumboni, nikaambiwa nipande treni niende hospitali kubwa Nairobi. Treni ikaishiwa na mafuta kwa stesheni ndogo huko porini. Mafuta ilikuwa itoke Nairobi, na reli mmeng'oa. Kila nikiuliza naambiwa, ngoja mama, tunangoja mafuta. Nikangoja na mtoto wangu mpaka tukakufa wote."

Shivachi akalia kwa aibu, na ilimstahili. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Rudisha chuma yake," Ndinda alinong'ona. "Yote. Usibakishe hata kidogo."

Shivachi akakibeba kile kipande begani, akakimbia hadi relini, akakilaza juu ya kokoto. Aliporudi alipokewa na kilio cha mtoto. Alikuwa msichana, mzima, na harufu ya dizeli ilikuwa imekwisha. Ndinda alinawa mikono, akaaga. Na kwa kuwa mtoto mchanga haonyeshwi kila mpita njia, Shivachi alifunga mlango, akasukuma komeo kama alivyozoea.

"Shivachi," Mideva aliita polepole. "Natoka damu. Ni mingi. Nipeleke hosi."

Akaruka kulivuta komeo, likakataa, akalivuta kwa mikono miwili mpaka ngozi ikachubuka, akapiga kelele majirani wakaja wakausukuma mlango kwa mabega, akachukua nyundo akapiga bati la ukuta, bati lilelile alilozoea kulikunja kwa vidole, nalo halikubonyea hata kidogo, na harufu ya dizeli ikapanda tena kutoka chini ya kitanda, nzito, ikimjaa puani na kooni, huku sauti ya Mideva ikipungua, ikipungua, mpaka alipolishika tena komeo, akaukumbuka ule msumari, akajua ameshika nini mkononi.

"Filister, nisamehe," alilia. "Nitarudisha hii pia. Fungua tu, anakufa!"

Mtoto mchanga, kifuani pa mama yake, akageuza kichwa akamtazama.

"Ngoja, baba," akasema. "Tunangoja mafuta."